Heko kwa fundi wa ncha

Kila Agosti, karibu na Washington, hufanyika maonyesho makubwa ya kalamu za wino. Wengi hukimbilia meza za wauzaji kuiona Parker 51, iliyotoka mwaka 1941. Pongezi zangu ni za fundi wa ncha. Ncha ya dhahabu ina ufa mwembamba unaoteremsha wino, na mwishoni limeunganishwa tone la madini magumu, kwa kuwa dhahabu tupu ingelika upesi. Fundi huipima kwa kioo cha kukuzia, huzisawazisha pande mbili za ufa kwa ukucha, husaga kidogo, kisha hukupa uijaribu. Bado inakwaruza? Husaga tena.

Foleni yake haisogei, na afadhali isisogee, maana humo ndimo tunamokutana tuliotawanyika kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi. Wengine huandika majina yao. Sisi huijaribu ncha kwa barabara ya nyumbani: Kabezi, Magara, Rumonge. Kwenye foleni ni salamu za wazee, bei ya samaki mukeke, nani kaoa. Rafiki yangu wa Rumonge hutaka ncha yake iwe nyembamba zaidi, na zaidi. Fundi hufika mahali akakataa, hata akiongezewa pesa: tone likishasagwa halirudi.