Walioruka wameandika. Waliorukiwa je?



Wiki iliyopita, katika grupu ya promosio yetu, ndugu mmoja alituma tena ile filimu ya zamani, La Légion saute sur Kolwezi. Wengi waliisifu. Mmoja akaandika kwamba wale ndio wanaume, walikuwa wanaruka na parashuti za duara, si kama siku hizi. Nilianza kumjibu kwa simu, vidole vikachoka. Basi nimeleta jibu hapa kwenye ukurasa wetu, kwa sababu jambo lenyewe ni refu kuliko filimu moja.

Nianze kwa haki. Filimu si mbaya. Ilitoka 1980, na aliyeitengeneza, Raoul Coutard, si mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyeshika kamera ya Jean-Luc Godard katika À bout de souffle, na kabla ya hapo alikuwa ameona vita kule Indochine kwa macho yake. Kitabu alichokifuata ni cha Pierre Sergent, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kapteni wa parashuti katika Légion. Kwa hiyo hii ni kazi ya watu wanaojua kuruka ni nini. Bruno Cremer na Jacques Perrin wanacheza vizuri. Na hadithi yenyewe ina nguvu: Mei 1978, mji umetekwa na waasi waliotoka Angola, watu wanauawa, na kule Calvi, kisiwani Corse, askari wa 2e REP wanaamshwa ili waje kuruka mahali ambapo wengi wao hawajawahi kukuona hata kwenye ramani.

Lakini soma jina la filimu polepole. Légion inaruka. Inaruka wapi? Juu ya Kolwezi. Kwa Kifaransa ni neno dogo tu, "sur". Kwa Kiswahili chetu linasema zaidi: Légion inairukia Kolwezi. Kuna anayeruka, na kuna anayerukiwa. Filimu nzima imo katika sentensi hiyo, na hata kitabu, na hata, naomba mnivumilie, karibu kumbukumbu zote za wazee wa parashuti ambazo nimesoma.

Maana nimezisoma si kidogo. Mimi ni mtu wa ajabu katika jambo hili, naogopa hata ngazi, lakini napenda vitabu vya watu walioruka. Mchezo huu ulizaliwa na mabaki ya vita. Baada ya 1945 dunia ilijaa parashuti za jeshi zisizo na kazi, na vijana wakazichukua. Mwaka 1951 ukafanyika ubingwa wa kwanza wa dunia, kule Bled, Yugoslavia. Mfaransa Léo Valentin akaonyesha namna ya kuanguka kifudifudi, mikono na miguu imefunguliwa, mwili usizunguke hovyo. Mwaka 1959 Jacques-André Istel akafungua kituo cha kuruka Orange, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambapo raia wa kawaida aliweza kufundishwa na kuruka. Parashuti yenyewe ilikuwa mwavuli wa duara. Watu walikata matundu nyuma yake ili hewa itoke na wapate kuiongoza kidogo. Ukifika chini, unabana miguu pamoja, unaangukia ubavu, unaomba Mungu. Kisha Domina Jalbert akabuni, miaka ya 1960, ile parashuti yenye umbo la bawa, inayojaa hewa na kuongozwa, na baada yake mchezo ukawa mwingine kabisa. Leo hapo Diani, pwani ya Kenya, mtalii asiyejua lolote anafungwa kifuani mwa mwalimu, wanaruka pamoja, wanatua mchangani kwa miguu kama watu wanaoshuka kwenye taksi.

Wazee wa zamani hawaipendi sana hiyo taksi. Kumbukumbu zao zina mtindo wake, na ukisoma mbili tatu unaujua. Kwanza watakueleza kila kamba na kila mshipi, na hapo ni watamu kweli, kwa sababu mtu aliyeweka uhai wake kwenye fundo hawezi kulisahau fundo. Pili watacheka vifundo vya miguu vilivyovunjika. Tatu watawataja wenzao waliokufa, mmoja mmoja, bila maneno mengi. Valentin mwenyewe aliandika kitabu chake, halafu Mei 1956, karibu na Liverpool, akaruka na mabawa ya mbao. Bawa likagonga ndege wakati wa kutoka, na parashuti hazikumwokoa. Ukijua hivyo, huwezi kusoma kurasa zake kwa dharau. Nazipenda kumbukumbu hizi kwa sababu hazina falsafa nyingi. Zinasema: ilikuwa hivi, tulifanya hivi, fulani hakurudi.

Kasoro yake ni moja, na ni kubwa. Zina macho mazuri sana kwa vitu vya juu, na zikifika chini zinakuwa vipofu. Chini ni shabaha, au shamba la mtu asiyetajwa, au upepo uliokupeleka mahali pabaya. Kwa mchezo, hilo haliumizi mtu. Mkulima wa Orange atakasirikia mahindi yake, mtaelewana. Lakini mtindo huohuo ukihamishiwa vitani, na vitani ndiko ulikotoka, basi chini kuna mji, na katika mji kuna watu.

Turudi Kolwezi. Siku tatu kabla ya Wafaransa, tarehe 16 Mei, kompani ya parakomando wa Zaire ilirushwa hukohuko, na ikapigwa vibaya. Kisha meja Mahele Lieko Bokungu akaja na vijana wake kwa barabara kutoka upande wa Lubumbashi, wakachukua uwanja wa ndege. Légion ikaruka tarehe 19, karibu watu 400 wa wimbi la kwanza. Na waliruka na nini? Na parashuti za Kimarekani za jeshi la Zaire, ambazo hawakuzizoea, hata mifuko yao haikukaa sawa kwenye ndoano. Ndege nyingi walizopanda zilikuwa C-130 za jeshi letu. Sasa hesabu nami: parashuti zetu, ndege zetu, ardhi yetu, watu wetu waliokuwa wamekwisha kuruka na kufa pale. Katika jina la filimu sisi tumebaki na neno moja, Kolwezi, na hilo nalo liko upande wa kurukiwa. Hata ile ardhi inayoonekana kwenye picha si ya Katanga. Filimu ilipigwa Guyane, Amerika ya Kusini.

Sisemi Wafaransa hawakufanya kitu. Kuna watu walitoka kwenye maficho yao wakiwa hai kwa sababu yao, na hilo halifutiki. Nasema kuhusu kusimulia. Mahele tunamkumbuka kwa sababu alikuja kuwa jenerali, na kwa sababu ya namna alivyouawa Kinshasa, Mei 1997, usiku Mobutu alipokuwa amekwisha kukimbia. Wale wa tarehe 16 nani anawakumbuka? Nani anajua yule wa kwanza kutoka mlangoni alikuwa mtoto wa nani?

Hapa kwetu Bunia yupo mzee mmoja, jina lake naliacha, aliyekuwa para wakati wa Mobutu. Mnakumbuka Mobutu mwenyewe alikwenda Israeli 1963 kujifunza kuruka, pamoja na askari wa Kongo, na baadaye, tulipokuwa watoto, habari za televisheni zilianza na uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Mzee wetu hakushuka na mawingu. Alishuka na kamba, karibu na Kinshasa, akiwa na miaka ishirini na kitu. Siku moja nilimsomea kwa Kiswahili hadithi ya Mmarekani mmoja na mruko wake wa kwanza wa mchezo. Alisikiliza vizuri mpaka mahali Mmarekani anapotoa pesa. Akanikatiza:

"Ngoja. Kumbe yeye njo analipa?"

Nikasema ndiyo, papa, yeye ndiye analipa.

"Sisi walikuwa wanatulipa," akasema, "na ile mushahara ilikuwa inachelewa."

Tulicheka sana. Halafu akanieleza mruko wake wa kwanza, na hiki ndicho kilichonifanya niandike leo.

"Mutoto wangu, kule juu kelele ya ndeke inakwisha kwa mara moja. Unafikiri umekufa. Kiisha unasikia jogoo. Kweli, jogoo. Nilisikia mama moja anaita mutoto wake, na ule mutoto anakataa kuitika. Nilitaka kumwambia, we, itika, mama anakuita."

Nimesoma wazee wengi wa Ulaya na Marekani. Wengi wamesifu kimya cha parashuti ikishafunguka, na baadhi wamesema hata mbwa wa chini husikika. Lakini wa kutaka kumwambia mtoto wa chini aitike, huyo nimempata hapa mtaani kwetu, na hajaandikwa popote. Kwake yeye chini hapakuwa shabaha. Palikuwa kijiji chenye mama, na mama alikuwa na shida yake ya siku ile. Ukiniuliza kumbukumbu bora ya parashuti ninayoijua, nitakutajia hiyo, na inachukua dakika moja kuisimulia.

Kuna sababu nyingine ya sisi wa Bunia kujali. Wengi hawajui kwamba mji wetu ulikuwa kwenye orodha. Tarehe 24 Novemba 1964, parakomando 320 wa Ubelgiji waliruka kwenye uwanja wa ndege wa Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka ndege za Marekani, kuwatoa mateka wa Simba. Hiyo iliitwa Dragon Rouge. Siku mbili baadaye wakaenda Paulis, yaani Isiro: Dragon Noir. Zilikuwa zimepangwa mbili zaidi, Dragon Vert kwa Watsa na Dragon Blanc kwa Bunia. Hizo mbili hazikufanyika. Makelele ya dunia yalikuwa mengi, serikali mbili zikasema inatosha, askari wakarudishwa kwao.

Haya yote yamo katika kitabu cha Mmarekani Thomas Odom, Dragon Operations, cha 1988. Ni kitabu cha mwanajeshi kwa wanajeshi: kikavu, safi, na kinakosoa mipango ya wakubwa bila kuogopa. Nakiheshimu kuliko filimu ya Coutard, kwa sababu hakijifanyi kulia. Lakini tazama tena. Dokta Paul Carlson, mmisionari aliyepigwa risasi Stanleyville asubuhi ile, tunamjua jina, kazi na uso. Mateka wengine waliouawa wanahesabiwa mmoja mmoja. Wakongo waliokufa katika mji ule, kabla ya asubuhi hiyo na baada yake, wanahesabiwa kwa maelfu, na maelfu hayana jina. Na Bunia katika kitabu ni rangi tu, nyeupe, kwenye mpango uliofutwa.

Najua mtu atanijibu hapa chini: mwandishi anaandika alichokiona, yule aliona anga, mwache na anga lake. Nakubali. Siwezi kumdai Odom kilio cha mama wa Mangobo, wala kumdai Sergent jina la kijana wa Equateur aliyekufa tarehe 16. Kosa la walioruka ni dogo. Walifanya kazi yao, wakaandika. Kosa kubwa ni letu sisi wenye diplomu. Kila mwaka tunaandika TFC na memwari juu ya mambo ya dunia nzima, tunanakili utangulizi wa mwenzetu, halafu mzee aliyesikia jogoo akiwa angani anakaa nyuma ya nyumba yetu anamenya mihogo, na hakuna anayemwendea na daftari.

Na mimi nimo. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza sikurekodi, nikijiambia nitarudi. Mara ya pili simu ilijaa, na nilijaza mimi mwenyewe kwa video za mpira. Maneno niliyoyaandika hapo juu nimeyatoa kichwani, na sina hakika kama alisema jogoo kwanza au mama kwanza. Sasa mzee anakohoa sana, na binti yake ameniambia kuna siku anawachanganya watoto na wajukuu. Jumamosi nitakwenda tena, simu tupu, daftari mfukoni.

Kwa hiyo, ndugu uliyetuma filimu, sikukatazi kuitazama. Itazame, ni filimu ya kazi. Ila ukifika mahali wanaume wanasimama mlangoni mwa ndege, jiulize parashuti ile ni ya nani, na aliyeivaa siku tatu kabla ni nani. Na kama baba yako, au baba mdogo, au jirani yako alikuwa para, au alikuwa chini siku ile, Kolwezi, Kisangani, Isiro, popote, niandikie hapa. Hata mistari mitano. Kwa Kiswahili cha nyumbani, haina shida.