Mistari ya Mililita 250

Kazi ya kupima pumzi darasani huanza kabla mwanafunzi yeyote hajapuliza. Mwalimu huisimamisha mezani chupa angavu ya maji ya kunywa, ile kubwa ya lita 5, kisha anamimina maji kwa kipimo. Mililita 250, anasubiri yatulie, anainama hadi jicho liwe usawa wa maji, anachora mstari. Mililita 250 nyingine, mstari mwingine, hadi mistari ishirini. Mwenye haraka angepima urefu wa chupa kwa rula na kuugawa sawasawa. Lakini chupa hizi zina viuno na mabega, na palipo na kiuno rula hudanganya. Maji huingia kila kona, kwa hiyo mistari yake hukaribiana hapa na kuachana pale, na huko kutolingana ndiko ninakokupenda: ni dalili kwamba mtu amepima kweli.

Na mistari hiyo haihitaji kupimwa upya. Chupa ikipinduliwa, hewa itapanda na kukaa kitakoni, mahali palepale maji ya kwanza yalipokaa. Mstari uliosema lita 2 za maji utasema lita 2 za pumzi.

Chupa hujazwa pomoni, mdomo ukazibwa kwa kiganja, ikapinduliwa ndani ya ndoo yenye maji nusu. Kiganja hakitoki mpaka mdomo uzame. Mpira mwembamba unaingizwa chini. Kila mtoto ana kipande chake safi cha kupulizia. Mwenye pumu hapulizi, anapewa kazi ya kusoma mistari. Anayepuliza anavuta pumzi hadi mwisho, anabana pua, kisha anaitoa yote kwa mkupuo mmoja bila kukata. Mara tatu, na kubwa kuliko zote ndiyo inayoandikwa.

Kabla ya kusoma, mwalimu huizamisha au kuiinua chupa hadi maji ya ndani na ya ndoo yawe usawa mmoja. Hatua hii wengi huiruka. Maji ya ndani yakiwa juu, hewa imevutwa na kutanuka kidogo, na kuta nyembamba za plastiki huweza kubonyea. Yakilingana, kanieneo ya ndani na ya nje ni sawa, na hapo mstari unaaminika.

Mwaka 1846 daktari Mwingereza John Hutchinson alichapisha vipimo vya watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia na wazima moto. Spiromita yake, yaani kifaa cha kupima pumzi kama chupa hii, ilikuwa kengele iliyofunikwa juu ya maji, ikining'inizwa kwa uzito wa kusawazisha ili pumzi iiinue bila taabu. Aliona kwamba ujazo wa pumzi huenda na kimo: kwa hesabu za leo, takriban mililita 50 kwa kila sentimita. Darasa lenye chupa na futi kamba linaweza kuutafuta uhusiano huo lenyewe.

Pumzi pia hutoka mwilini ikiwa na joto la nyuzi 37, ikapoa majini na kusinyaa. Kwenye maji ya nyuzi 25 inapungua kama asilimia 7, na mwalimu makini huirudisha kwenye hesabu. Tena huwaambia wanafunzi wazi kwamba mistari yake inapima pumzi inayotoka tu. Hata mtu mzima akijikamua namna gani, lita moja na ushei husalia mapafuni, na chupa haina njia ya kuifikia.