Leontyne Price: Kula Faida, Kuacha Mtaji

Tarehe 3 Januari 1985, katika jumba la Metropolitan Opera jijini New York, mwimbaji Leontyne Price aliimba Aida, opera ya Verdi, na kuiaga opera. Alikuwa na miaka 57. Jumba lile lina viti vipatavyo 3,800, okestra nzima iko kati ya mwimbaji na wasikilizaji, na kipaza sauti hakuna. Anayekaa juu kabisa, karibu na dari, anafikiwa na pumzi ya mtu mmoja tu.

Katika tendo la tatu, Aida, binti wa mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa Misri, yuko kando ya mto Nile, anaililia nchi ambayo hataiona tena. Hapo ndipo Verdi alipoweka mtihani wake. Sauti inapanda hadi C ya juu, na mtunzi ameagiza noti hiyo iimbwe kwa upole. Kuipiga kwa nguvu, wako wengi wanaoweza. Kuifikia kwa upole ni shughuli nyingine kabisa: mbavu zibaki zimetanuka, tumbo liizuie pumzi isitoke kwa mkupuo, koo lisikaze hata chembe, na msikilizaji asijue kwamba kuna kazi inayofanyika. Price aliipanda ngazi ile, na makofi yakasimamisha onyesho kwa dakika kadhaa.

Kwa umri ule, uwezo huo ulitokana na akiba ya miaka mingi. Florence Page Kimball, mwalimu wake tangu alipokuwa chuo cha muziki cha Juilliard, alimfundisha kwamba mwimbaji anaimba kwa faida, mtaji haugusi. Price alilishika somo hilo. Metropolitan ilipomwita mapema aje kuimba Aida, alikataa, akaendelea kukomaa kwenye majukwaa mengine, Vienna likiwemo. Alipoingia hatimaye, tarehe 27 Januari 1961, aliingia kama Leonora wa opera ya Il trovatore, na inasimuliwa kwamba makofi ya mwisho yalizidi nusu saa. Kwa mwanamke mweusi aliyezaliwa Laurel, Mississippi, mwaka 1927, kusubiri namna ile kulihitaji moyo wa chuma.

Mwaka huohuo wa 1961 sauti ilimkatika jukwaani akiimba opera ya La fanciulla del West. Alimaliza tendo kwa kusema maneno badala ya kuyaimba, mwenzake akalichukua tendo lililofuata, naye akaenda kupumzika. Baadaye aliliacha jukumu lile. Mimi naona uamuzi huo una uzito sawa na noti yoyote aliyowahi kuimba, kwa maana vipaji vingi huishia hapo, kwa kung'ang'ania nyimbo zinazokwangua koo kwa sababu tu mialiko inakuja na malipo ni mazuri. Miaka ya 1970 alipunguza opera, akaelekea zaidi kwenye matamasha ya kuimba na piano.

Onyesho la 1985 lilirushwa na televisheni, na rekodi yake ipo. Ewe unayejifunza kuimba, kwaya au taarabu, itafute, usikilize tendo la tatu, na utazame jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kupanda.