Netpoll: Kutuma Pakiti Bila Kulala

Seva ya Linux ikianguka, ujumbe wake wa mwisho ndio unaotaja kosa. Taabu ni kwamba saa hiyo diski haiaminiki tena, na mara nyingi mashine haina hata skrini. Ndiyo maana mwaka 2001 Ingo Molnar alitunga netconsole, moduli inayopeleka ujumbe huo kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mwaka 2003 Matt Mackall aliifungia kazi ya utumaji katika sehemu yake, akaiita netpoll.

Ujumbe huo huweza kutoka popote kwenye kiini (kernel) cha Linux, na msimbo wa kiini unaoshughulikia intarapti, au ulioshika kufuli la kuzunguka (spinlock), hauruhusiwi kulala. Hauwezi kuiachia prosesa kazi nyingine huku wenyewe ukingoja. Nayo njia ya kawaida ya pakiti imejaa vituo vya kungojea: kumbukumbu ipatikane, ARP ilete anwani ya MAC ya jirani, foleni ya kadi ya mtandao ipungue.

Netpoll huviondoa vituo hivyo kimoja kimoja. Hutumia UDP, na vichwa vya pakiti huviandika yenyewe. Anwani ya MAC hupewa mapema. Isipopewa, netconsole hutangazia mtandao mzima wa karibu. Kumbukumbu huiomba kwa namna isiyolala, na ikinyimwa huchota kwenye pakiti 32 zilizotengwa tangu mwanzo. Akiba haiozi.

Foleni ya kadi ikijaa, netpoll haisubiri intarapti, ambazo huenda zimezimwa. Huiita yenyewe kazi ya draiva ya kukagua kadi, hupumzika mikrosekunde 50 kwa kuzungusha prosesa, kisha hujaribu tena.

Penye kufuli ndipo penye hatari kubwa. Tuseme kosa limetokea ndani ya draiva ya mtandao, nayo imeshika kufuli la foleni. Netpoll ikilingojea, itakuwa inajingojea yenyewe, na mashine itaganda. Kwa hiyo hujaribu kulishika tu. Ikishindwa muda ukapita, pakiti huwekwa pembeni itumwe baadaye. Kwenye kiini kinachokufa, baadaye hiyo huenda isifike.

Bei yake ni hiyo: hakuna uthibitisho wa kupokelewa, wala usimbaji wa siri. Msimamizi wa seva aijaribu netconsole mapema kwa kuandika neno kwenye /dev/kmsg, faili la ujumbe wa kiini, na kusikiliza bandari 6666 kwenye kompyuta inayopokea. Mpokeaji akiwa mtandao mwingine, MAC ya kuandikwa ni ya ruta, si ya mpokeaji.