Mkasi, Gundi na Lugha: Uhakiki wa Miradi ya Siku ya Wafu katika Ufundishaji wa Kihispania kwa Watoto

1.0 Utangulizi

Katika madarasa mengi ya Marekani ambamo watoto hufundishwa Kihispania, mwisho wa Oktoba huwa msimu wa mkasi na gundi. Watoto hutengeneza vinyago vya mafuvu, hukata karatasi za rangi na hupanga meza ya kumbukumbu ya Siku ya Wafu, sikukuu inayoadhimishwa Meksiko tarehe 1 na 2 Novemba. Miradi hii husifiwa kwa kuwa huleta furaha darasani. Makala hii haipingi furaha hiyo. Inahoji jambo moja tu: mtoto anapomaliza kazi yake, amesema nini kwa Kihispania?

2.0 Kazi ya Mikono Isiyo na Lugha

Viwango vya ufundishaji wa lugha za kigeni vilivyotolewa Marekani mwaka 1996 viliutazama utamaduni katika pande tatu: vitu ambavyo jamii huvitengeneza, desturi inazozifuata, na mtazamo unaovipa vitu na desturi hizo maana. Kwa kipimo hicho, kinyago cha fuvu hugusa upande wa kwanza pekee. Mtoto anaweza kukipaka rangi mwanzo hadi mwisho kwa maelekezo ya Kiingereza, akakipeleka nyumbani, na asijue kwa nini familia humwandalia marehemu chakula alichokipenda. Aidha, kinyago hicho hufanana na mapambo ya Halloween, inayosherehekewa tarehe 31 Oktoba, hata mtoto akadhani sherehe hizo ni moja. Anayeumia zaidi ni mtoto mwenye asili ya Meksiko aliyemo darasani humo. Kile ambacho nyumbani kwao huambatana na picha ya bibi yake, shuleni hugeuka kitisho cha mzaha.

Hata hivyo, kazi ya mikono yaweza kuokolewa. Karatasi za kutobolewa, ambazo mafundi wa Huixcolotla, jimboni Puebla, huzichonga kwa patasi na nyundo, zinaweza kuwa somo la lugha iwapo mtoto mmoja atawaelekeza wenzake kwa Kihispania: dobla, corta, abre (kunja, kata, fungua).

3.0 Mradi wa Calaverita

Mradi wenye nguvu zaidi ni calaverita, yaani ushairi mfupi wa mzaha ambamo Kifo huja kama mhusika na kumchukua mtu aliye hai. Utanzu huu ulienea kupitia magazeti ya Meksiko ya karne ya 19, na michoro ya José Guadalupe Posada (1852–1913) ikaufungamanisha na taswira ya mafuvu. Hadi leo shule za Meksiko huwashindanisha wanafunzi katika kuutunga. Hapa lugha haitengani na kazi. Mtunzi hulazimika kueleza mhusika alikuwa wapi (estaba) na Kifo alipofika (llegó). Tofauti ya nyakati hizo mbili zilizopita, inayowatatiza wanafunzi wengi, huwa kiini cha kichekesho. Vina navyo humfunza mtoto kusikiliza mwisho wa kila neno.

Msomaji anayeujua utani wa msibani ataelewa kwamba kicheko mbele ya kifo si dharau. Lakini mtani wa msibani huzungumzia marehemu, ilhali calaverita humzika aliye hai. Kwa hiyo mwalimu hana budi kujitoa yeye mwenyewe awe mlengwa, asiruhusu mwanafunzi mnyonge au aliyefiwa afanywe kichekesho.

4.0 Hitimisho

Udhaifu wa calaverita ni kwamba hudai msamiati ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana. Huyo apewe beti zenye mapengo ya kujaza. Udhaifu huo hautengui hoja. Kipimo cha mradi ni chepesi: Kihispania kiondolewe, kisha itazamwe kama kazi ingali imesimama. Ikiwa imesimama, watoto wamefundishwa sanaa nzuri, lakini somo la Kihispania halijaanza.