Jeevanjee kwa Matofali

Jamani, nani aliyesema mipango ya miji ni kazi ya kusinzia? Nimeketi hapa Kilimani, Nairobi, na mchezo wa kompyuta wa Minecraft, naijenga upya Bustani ya Jeevanjee, na siondoki!

Wazo si langu. Mwaka 2012 UN-Habitat, ambao makao yao makuu yako hapo Gigiri, waliungana na Mojang, waundaji wa mchezo huu kule Stockholm, wakaanzisha mradi wa Block by Block. Wakazi wanajenga mchezoni uwanja wanaoutaka, kisha wasanifu wanachora kwa kufuata walichojenga. Kibera, na uwanja wake wa Silanga, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kabisa; Jeevanjee nayo ikaingia.

Sasa uhondo wenyewe! Kila tofali ni mita moja kila upande. Bofya kulia, limekaa. Bofya kushoto, limetoka. Basi! Mama mboga ambaye hajawahi kushika ramani ya msanifu anaanza kujenga papo hapo. Nimeweka njia ya matofali mawili kutoka Moi Avenue hadi Muindi Mbingu, nikaipita: finyu! Saa saba mchana, wahubiri wakishavuta umati wao, hapo hapapitiki. Nikaongeza tofali la tatu, benchi likakosa pa kukaa. Ndiyo maana naupenda mchezo huu: hauulizi maswali, hautoi alama, haukupigii makofi kama mtoto wa chekechea. Michezo mingi ya "elimu" ni mtihani uliopakwa rangi. Huu unakuachia nafasi na jirani anayeitaka nafasi hiyo hiyo, mgombane mpaka mwelewane.

Na Jeevanjee inajua kugombaniwa. A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji bustani hii mwaka 1906; mwaka 1991 ikatakiwa kujengwa maegesho ya ghorofa, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani. Laiti wangekuwa na matofali haya, wawaonyeshe watu zege likimeza nyasi!

Kasoro? Miti ni ya mraba, duara ni ndoto, na mwenye kiti cha magurudumu hayumo mpaka mwendeshaji wa warsha amkumbuke. Hilo si dogo. Mchana nao ni wa dakika 10 tu, halafu mazombi (wazime mapema).

Niacheni kwanza, upande wa Monrovia Street bado hauna taa hata moja!