Besi ya James Jamerson: sauti iliyoingia kwenye mitambo bila spika

Sikiliza besi ya "For Once in My Life" ya Stevie Wonder, wimbo wa mwaka 1968. Gita liko karibu na sikio kiasi kwamba hata mguso wa kidole kwenye uzi unasikika. Hakuna mwangwi wa chumba, hakuna ngurumo ya boksi la spika. Hapakuwa na amplifaya iliyotegewa maikrofoni. Waya ulitoka kwenye gita ukaingia moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia.

Mpigaji ni James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1936, aliyekomaa kimuziki Detroit. Ndiye aliyepiga besi kwenye sehemu kubwa ya nyimbo za Motown mpaka kampuni hiyo ilipohamia Los Angeles mwaka 1972. Kwa muda mwingi wa kazi hiyo jina lake halikuandikwa kwenye jalada la sahani yoyote. Albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, "What's Going On", ndiyo iliyowataja wapigaji. Namchambua yeye kwa sababu vijana wetu wa besi, wa bendi na wa kwaya, wakitaka sauti nzuri huuliza waongeze nini: pedali gani, wati ngapi, nyuzi tano au sita. Sauti ya Jamerson ilipatikana kwa kupunguza, na mengi aliyopunguza hayahitaji fedha.

Studio yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida, namba 2648 West Grand Boulevard, ambayo Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, aliinunua mwaka 1959. Chumba cha kupigia kilikuwa chini kidogo ya chumba cha fundi mitambo, na wapigaji walikiita shimo la nyoka kwa jinsi waya zilivyotapakaa. Humo walibanana drams, piano, ogani, magita matatu, tarumbeta siku nyingine. Fikiria amplifaya ya besi imewashwa katikati ya watu hao: ingeingia kwenye maikrofoni za drams, za piano, za kila kitu, na fundi asingeweza kuipandisha wala kuishusha besi bila kuvuruga vingine. Kwa hiyo magita na besi vilichomekwa kwenye mtambo mmoja uliotengenezwa na mafundi wa Motown wenyewe, kila mpigaji akiwa na kidhibiti chake cha sauti, na wote wakajisikiliza kupitia spika moja. Ukijikuza wewe, unamfunika mwenzako. Naamini spika ile moja iliwafundisha adabu ya kusikilizana kuliko kiongozi yeyote wa bendi.

Lakini kuchomeka moja kwa moja si uganga. Chukua gita lolote, lichomeke hivyo hivyo, na mara nyingi utapata sauti kavu, nyembamba, yenye makelele ya vidole. Ya Jamerson haikuwa hivyo kwa sababu sauti ilikuwa imeshakamilika kabla ya kufika kwenye waya.

Gita lake lilikuwa Fender Precision ya mwaka 1962, aina yenye pikapu moja iliyokatwa vipande viwili. Nyuzi zilikuwa za La Bella, zile bapa, ambazo waya wake wa nje ni utepe laini badala ya waya wa mviringo unaokwaruza kidole. Zilikuwa nene pia: uzi mwembamba kabisa ulikuwa inchi 0.052, mnene 0.110, wakati seti nyingi zinazouzwa leo huanzia 0.045 na kuishia 0.105. Na hakuzibadilisha ila zilipokatika. Uzi uliozeeka, uliojaa jasho na mafuta ya vidole, hupoteza ule mlio mkali wa juu; kinachobaki ni mshindo na kiini cha noti.

Kisha kuna sponji. Fender ya enzi hizo iliuzwa na kifuniko cha chuma juu ya daraja la nyuzi, na ndani ya kifuniko kulikuwa na kipande cha sponji kilichogusa nyuzi. Wapigaji wengi walikitoa, Jamerson alikiacha. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kumwibia, ningechukua hili. Uzi wa besi usiozuiwa huendelea kulia sekunde kadhaa, na noti ndefu hiyo huingia juu ya noti inayofuata, juu ya teke la drams, juu ya mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Sponji huifanya noti ianze kwa nguvu na kufifia haraka. Nafasi inayoachwa wazi ndiyo inayomruhusu mpigaji kujaza noti nyingi, za kupita na za kurukia, bila muziki kugeuka uji. Watu husifu wingi wa noti za Jamerson katika "Bernadette" ya Four Tops wakasahau kwamba kila moja ilikuwa fupi. Wapiga besi wa sebene wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: wao huikata noti kwa kiganja au kwa kuuachia uzi kwa mkono wa kushoto, ndipo teke la drams likapata pa kukaa.

Kujaribu ni rahisi. Kata sponji ya kuoshea vyombo, ile laini, kipande chembamba, ukisukumize chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja. Kikigusa sana utapata mlio wa kugonga mbao. Kisogeze mpaka noti ilie kisha ife kabla ya pigo linalofuata. Kama uzi mmoja unafifia mapema kuliko mwingine, kipunguze upande wa uzi huo.

Mkono wa kulia nao ulikuwa na siri yake. Jamerson alianza na besi kubwa ya kusimama, na alipohamia gita alibaki na kidole kimoja, cha shahada, kwa karibu kila noti. Vidole viwili vikipokezana, kimoja huwa na nguvu kuliko kingine, na masikio ya mitambo hayasamehe: noti moja inaruka, nyingine inazama, halafu mwenye studio analazimika kuibana sauti ili kuisawazisha. Simshauri mtu aache vidole viwili. Kwa nyimbo za kasi vinahitajika. Nashauri ajirekodi akipiga noti moja ileile kwa mdundo wa polepole, kisha atazame mchoro wa sauti kwenye programu. Vilima vikipishana urefu, tatizo liko mkononi.

Kuna swali lingine la kiufundi: sauti nzito kama hiyo ilisikikaje kwenye redio ndogo za magari za miaka ya 1960? Uzi mnene wa besi, mi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo haiwezi kabisa kutoa masafa hayo, na simu ya mkononi ndiyo kabisa. Ila noti haiji peke yake. Huja na jamaa zake, hezi 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio likiwasikia hao, ubongo hujaza lile la chini lisilokuwepo. Mitambo ya Motown, ya zile taa za kukuza sauti (valvu), ikisukumwa kidogo kupita kiasi, iliwaongeza jamaa hao. Ukiisikia besi ya Jamerson peke yake, bila wimbo, utashangaa jinsi ilivyokuwa na ukwaruzo mdogo, karibu uchafu. Ndani ya wimbo uchafu huo haujitokezi. Unakuwa uwazi wa noti. Motown pia walikuwa na desturi ya kuzijaribu nyimbo kwenye spika ndogo za kiwango cha redio kabla ya kuzitoa, desturi ambayo fundi wa leo anaweza kuifuata kwa simu yake bila kulipa chochote.

Sasa tuje kwenye chumba chako. Unayerekodi nyumbani unahitaji kadi ya sauti ya nje yenye tundu la gita, si la laini. Tofauti yake ni kubwa. Pikapu ya besi isiyo na betri ni dhaifu, na tundu la laini la mikseri, lenye ukinzani wa kilo-omu 10 hivi, huifyonza; uhai wa juu unapotea na sauti inalegea. Tundu la gita huwa na ukinzani wa karibu mega-omu 1, na pikapu hupumua. Weka kiwango ili noti zako kali kabisa zifike karibu na desibeli -10, zisiguse sifuri, kwa sababu mitambo ya kidijitali ikizidiwa haileti ule ukwaruzo mtamu wa taa bali mpasuko. Ukwaruzo utauongeza baadaye kwenye programu, kidogo tu, halafu ukate kila kilicho chini ya hezi 35. Besi ikipotea kwenye simu, usiongeze masafa ya chini. Ongeza kati ya hezi 700 na 900.

Ukumbini kanuni ni ileile, kifaa ni tofauti. Waya wa gita wa mita nyingi kuelekea kwenye mikseri iliyo nyuma ya ukumbi hukusanya kila uchafu wa umeme njiani. Ndiyo kazi ya boksi la DI: linapokea sauti dhaifu ya gita na kuitoa kwenye waya wa maikrofoni wenye njia mbili zinazofutana uchafu. La transfoma halihitaji umeme na huvumilia misukosuko. Lenye vipuri hai huhitaji betri au volti 48 kutoka kwenye mikseri, na ndilo linalofaa zaidi kwa besi isiyo na betri. Kama unapiga kanisani au kwenye bendi ya harusi na una fedha ya kitu kimoja tu, nunua hilo kabla ya pedali yoyote. Makanisa mengi yana mikseri na spika kubwa tayari. Kinachokosekana ni njia safi ya kuifikia.

Halafu mvumo. Jamerson alipiga katika nchi yenye umeme wa hezi 60. Wetu ni hezi 50, na mvumo unaosikika zaidi kwenye spika mara nyingi ni hezi 100. Uzi wako wa juu kabisa, sol, ukiwa wazi hulia hezi 98. Ndiyo maana kwenye ukumbi wenye mvumo unaweza kusikia noti hiyo ikiyumba kama haijatuniwa vizuri hali umeituni sawasawa: sauti mbili zilizokaribiana sana zinagombana. Hapa pikapu ya Precision inajilipa. Vipande vyake viwili vimefungwa waya kwa mwelekeo unaopingana na sumaku zilizogeuzwa, kwa hiyo mvumo unaoingia upande mmoja hufutwa na wa upande wa pili. Besi ya aina ya Jazz ina pikapu mbili za koili moja moja. Zikifunguliwa zote sawasawa hufutana vilevile, lakini ukizima moja mvumo unarudi. Kwa mtu anayepiga kwenye jenereta na nyaya za kuungaunga, ningemwambia anunue nakala ya bei nafuu ya Precision, hata iliyotumika, na ahakikishe shingo haijapinda na vitufe havikwaruzi.

Mvumo ukizidi, boksi la DI lina swichi ya kutenganisha ardhi ya sauti; ibonyeze. Usikate ule mguu wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya, hata kama fundi anasema ni kawaida. Ukifanya hivyo, siku amplifaya itakapovuja umeme, mkono wako uko kwenye nyuzi na mdomo wako uko kwenye maikrofoni.

Jukwaani amplifaya si ya watazamaji, ni ya kukusikilizisha wewe na mpiga drams. Iinue kutoka sakafuni, hata kwenye kreti ya soda, ielekee masikio na si magoti. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, hivyo sauti inayokuja dhaifu hapo uliposimama inaweza kuwa inatikisa ukuta wa nyuma. Tembea mpaka katikati ya ukumbi wakati wa kujaribu mitambo kabla hujaongeza chochote. Jamerson mwenyewe kwenye vilabu vya Detroit alitumia Ampeg B-15, amplifaya ya spika moja ya inchi 15 na nguvu ndogo kuliko nyingi zinazouzwa sasa.

Kuna ya kwake ambayo sitaki uyaige. Nyuzi za gita lake zilikuwa juu sana kutoka kwenye ubao, na waliolijaribu walisema lilikuwa gumu kupigika. Yeye alikuwa na mikono iliyozoea besi ya kusimama, wewe utapata maumivu ya kifundo cha mkono. Shusha nyuzi, ukianza na skrubu za daraja, na chuma cha ndani ya shingo mwachie fundi. Vilevile, nyuzi zisizobadilishwa miaka zinafaa zikiwa bapa. Zile za mviringo zikizeeka hazikomai, zinapoteza tuni, na noti ya freti ya kumi na mbili haitalingana tena na uzi ukiwa wazi.

Gita lenyewe liliibwa muda mfupi kabla ya Jamerson kufariki mwaka 1983, na halikuonekana tena. Kampuni ya La Bella bado inatengeneza seti ya unene uleule. Ukizinunua, hakikisha kwanza shingo ya besi yako inahimili mvuto wake, maana ni mkubwa.